Fundi, gari linakunywa maji: dalili za kulanti, oili na haidroliki kwenye gari lililotembea sana

Gari la mtumba likishuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa na kilomita 90,000 kwenye dashibodi, kisha likatembea hapa miaka saba, limeshapita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha alama yake. Mmoja alitoa thamostati, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata moto. Mwingine akaunga feni dairekti. Wa tatu akajaza maji ya kisima mahali palipokuwa na kulanti ya pinki, yaani dawa ya kupooza injini, mwenye gari akaambiwa "sasa liko fiti". Likianza kuchemsha leo, tafuta kwanza kilichotolewa zamani, ndipo utafute kilichoharibika sasa. Ukiruka hatua hiyo utanunua rejeta mpya na gari litaendelea kuchemsha.

Dalili zimeandikwa hapa kama wenye magari wanavyozieleza mlangoni mwa gereji. Chini ya kila moja, sababu inayokutwa mara nyingi imetangulia, na ukaguzi usiohitaji spana umewekwa mbele. Mifano mingi ni ya Toyota ndogo kama IST, Vitz, Corolla, Premio, Wish na Noah, kwa kuwa ndizo zimejaa barabarani. Gari lako likiwa la aina nyingine, utaratibu ni uleule. Vipimo soma kwenye kitabu chake.

Onyo kabla ya yote. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Mfumo wa kupooza injini unafanya kazi kwa presha, na ndani maji yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka kwa sababu presha imeyabana. Ukifungua, presha inaondoka, maji yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Minya mpira wa juu wa rejeta ukiwa umefunika mkono kwa kitambaa kinene. Ukiwa bado mgumu, subiri. Na usiingize mkono karibu na feni eti kwa kuwa umezima injini: baadhi ya magari feni yake hujiwasha yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni.

## "Linakunywa maji, lakini chini pakavu"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalofanya watu wafungue hedi, yaani kichwa cha injini, bila sababu.

Anza na mfuniko wa rejeta. Ni kitu kidogo, bei yake ndogo, na karibu kila mtu anakipuuza. Mfuniko una kazi mbili. Injini ikipata moto unashikilia presha. Injini ikipoa unafungua kijivali cha katikati ili maji yaliyokimbilia kwenye chupa ya akiba yarudi rejeta. Injini ikiwa baridi kabisa, utoe na uugeuze. Utaona mpira mweusi wa mviringo: uguse kwa kidole, uwe laini na usawa, bila ufa wala alama ya kuzama upande mmoja. Katikati kuna kisahani kidogo cha chuma. Kivute kwa ukucha ukiachie. Kirudi chenyewe mara moja. Kikiwa kimeganda kwa ukoko mweupe au wa rangi ya kutu, umeshapata jibu. Dalili yake kwenye gari ni chupa ya akiba iliyojaa pomoni wakati rejeta imepungua, au mpira wa juu unaokutwa umenywea asubuhi.

Kwa anayekaa nyanda za juu, mfuniko mbovu ni tatizo mara mbili. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 ukiwa Tanga ufukweni, lakini Iringa au Nairobi, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Feni ya Toyota nyingi haianzi kuzunguka mpaka nyuzi 90 na kitu. Kwa hiyo mfuniko usioshika presha, pamoja na maji ya bomba yasiyo na kulanti, unaweza kukuchemshia gari ambalo halina ubovu mwingine wowote.

Nunua mfuniko wenye namba ileile iliyoandikwa juu, kwa kawaida 0.9 au 1.1. Usiongeze namba ukidhani unaimarisha. Rejeta ya zamani yenye tanki la plastiki itapasukia kwenye maungio.

Kisha tafuta mvujo unaokauka kabla ya kufika chini. Tone likidondokea injini ya moto linageuka mvuke, ndiyo maana chini pakavu. Kagua asubuhi kabla hujawasha, kwa tochi. Usitafute maji, tafuta michirizi iliyokauka, meupe kama ulitia maji ya chumvi, ya pinki au ya kijani kama ulitia kulanti. Pita ncha zote za mipira palipo na klipu, halafu mshono unaounganisha tanki la plastiki na rejeta. Malizia na wota pampu, ile inayozungusha maji ya injini: chini ya shafti yake kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili sili ya ndani ikichoka, maji yatokee hapo. Mchirizi chini ya kitundu hicho una maana pampu inaaga. Kuna fundi atakayependekeza kukiziba kwa gundi. Mkatalie, kwa sababu maji yatakwenda kwenye beringi na pampu itagoma kuzunguka ukiwa safarini.

Hita. Wengi husahau kwamba gari la Japani lina hita, kwa sababu hapa hatuiwashi. Ndani ya dashibodi, upande wa abiria, kuna kirejeta kidogo ambamo kulanti hiyohiyo inapita. Kikitoboka, zulia la abiria linalowana, vioo vinashika ukungu wa mafuta na unasikia harufu tamu tamu. Usichanganye na maji ya AC: hayo ni meupe, hayana harufu, na yanapaswa kudondokea nje chini ya gari. Zulia likilowa kwa maji safi yasiyo na harufu, bomba la AC ndilo limeziba.

Gasketi ya hedi iwe ya mwisho kushukiwa. Ishara zake ni hizi: mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini baridi, mapovu yanayopanda mfululizo ukiacha mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu usiokoma hata injini ikishapata moto. Moshi mweupe wa asubuhi Njombe au Mufindi unaopotea baada ya muda ni mvuke wa kawaida, usikutishe. Kabla hedi haijafunguliwa, omba ipimwe kwa dawa ya kubaini gesi ya moshi ndani ya rejeta, ile ya bluu inayogeuka njano. Fundi asiye na kipimo hicho anabahatisha kwa pesa yako.

## "Kwenye foleni linachemsha, likikimbia linapoa"

Gari linapokimbia, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Likisimama, feni ibebe mzigo peke yake. Dalili hii karibu kila mara ni ya feni.

Washa injini, washa AC. Kwenye magari mengi ya aina hii feni inatakiwa kuanza papo hapo au baada ya sekunde chache. Isipozunguka, angalia fyuzi kwanza, kisha badilishana rilei yake (swichi ndogo ya umeme) na nyingine ya aina ileile kwenye boksi hilohilo, kama ya honi. Ikizunguka sasa, rilei ilikuwa imekufa. Ikikataa bado, mota ya feni inapimwa kwa umeme wa moja kwa moja. Lakini kama feni inazunguka ukiwasha AC na haizunguki injini ikipata moto bila AC, mota ni nzima. Shuku sensa ya joto au waya wake.

Na hapa ndipo "dairekti" inapoingia. Fundi asiyetaka kutafuta sensa anaunga feni izunguke muda wote ufunguo ukiwa wazi. Gari linaacha kuchemsha, mteja anashukuru. Lakini mota iliyotengenezwa kupumzika sasa haipumziki, na ikifa hakuna kitakachokuonya mpaka mshale wa joto uwe umepanda. Waya mwembamba uliotumika nao nimeuona umeyeyuka mpaka kwenye soketi. Kama ni dharura ya kufika nyumbani, sawa. Kesho yake litafutiwe sensa.

Feni ikiwa nzima, chungulia mbele. Kati ya kondensa ya AC na rejeta kuna upenyo mwembamba unaokusanya panzi, nyasi na tope. Kwa mbele panaonekana safi, katikati pameziba. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Maji ya presha kubwa ya kuoshea magari yatalaza mapezi ya rejeta.

## "Mlimani au mwendo mkali ndipo mshale unapanda"

Kinyume cha dalili iliyopita. Upepo upo wa kutosha, kwa hiyo maji ndiyo hayapiti vizuri. Hakikisha kwanza yamejaa, kwa kuangalia ndani ya rejeta yenyewe, kwani chupa ya akiba inaweza kujaa huku rejeta ni tupu.

Sababu inayokutwa zaidi kwenye gari lililotembea ni rejeta iliyoziba ndani kwa chumvi na kutu, yaani matokeo ya maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam na Dodoma yana chumvi unayoionja mdomoni. Kila unapojaza kidogo kufidia yanayopungua, maji yanakwenda mvuke na chumvi inabaki, na mirija ya rejeta ni myembamba. Ukiwa na kipimajoto cha bunduki kama kile kilichoenea wakati wa korona, ila cha aina ya kiwandani kinachofika nyuzi zaidi ya 100, pima uso wa rejeta injini ikiwa ya moto: joto lipungue polepole kutoka upande maji yanapoingilia kwenda yanapotokea. Mabaka ya baridi katikati ni mirija iliyoziba. Dawa ya kusafisha inasaidia rejeta iliyoanza kuziba. Iliyoziba sana ibadilishwe.

Thamostati inayofunguka nusu inaleta dalili hiyohiyo. Ipime: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, pasha moto, uone ikifunguka. Nyingi za Toyota zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na zinatakiwa ziwe wazi kabisa kabla maji hayajaanza kutokota. Isipofunguka, nunua nyingine. Unapoirudisha, kile kipini kidogo kinachocheza kikae juu ili hewa ipite.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye wota pampu yenye mapanga yaliyoliwa na kutu, na mpira wa chini uliolainika kiasi kwamba injini ikikimbia unanyonywa na kujibana. Huo wa pili utauona mtu mwingine akikukanyagia mafuta huku unaangalia.

## "Limechemsha sasa hivi, niko barabarani"

Zima AC. Ukiwa kwenye foleni na hakuna mvuke, washa hita ya moto kabisa na feni yake ya ndani. Utatokwa jasho, lakini unachota joto kutoka kwenye injini. Tafuta pa kuegesha. Ukiona mvuke, taa nyekundu ya joto, au mshale kwenye H, zima injini na usiendelee "mpaka kituo kile". Hedi za injini hizi ni alumini, na kilomita chache za ziada zinatosha kuipinda.

Vitz na Passo nyingi hazina mshale, zina taa ya bluu na nyekundu tu. Nyekundu ikiwaka haina maana "ongeza maji ukifika". Na kwenye gari lenye mshale, jihadhari na mshale ulioshuka ghafla baada ya kupanda: maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na inaweza kusoma baridi wakati injini inaungua.

Usimwagie injini maji baridi kwa nje. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uminyike. Funika mfuniko kwa kitambaa kinene, zungusha hadi hatua ya kwanza, acha upumue mpaka ukimya, ndipo utoe. Jaza polepole. Kama hakuna kulanti, maji safi ya kunywa yatakufikisha. Bora hayo kuliko kukaa mkavu. Ila ukishafika, yamwagwe. Likichemsha tena ndani ya kilomita chache, ita gari la kuvuta. Gharama yake ni ndogo kuliko ya hedi.

## "Mshale haupandi kabisa"

Mwenye gari anafurahi, anasema gari lake ni baridi. Hapa thamostati imekwama wazi au ilitolewa, na mara nyingi ilitolewa. Kompyuta ya gari inadhani injini bado haijapata moto, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Matokeo ni matumizi kupanda, plagi kuwa nyeusi, oili kuchafuka kwa petroli. Likipimwa kwa kompyuta hutoa namba ya hitilafu P0128.

Kuna jambo ambalo wanaotoa thamostati hawaambiwi. Kwenye injini nyingi thamostati ina vali ya pili kwa nyuma, inayofunga njia fupi ya maji kuzunguka injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi siku zote na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupoozwa. Ndiyo maana gari lililotolewa thamostati ili lisichemshe linaweza kuchemsha zaidi likipanda mlima. Irudishwe, hata kama fundi atakuambia "Bosi, joto la Dar halihitaji hiyo kitu".

## "Maji ya rejeta yamebadilika rangi"

Rangi ya kutu ina maana mfumo ulikuwa na maji matupu. Mwaga, jaza maji safi, endesha mpaka feni izunguke, acha ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke meupe ndipo utie kulanti.

Uji mzito au jeli hutokana na kuchanganya kulanti zisizopatana. Rangi haikuambii aina. Ni rangi tu anayochagua mtengenezaji, na pinki ya kampuni moja si lazima ipatane na pinki ya nyingine. Toyota walitumia nyekundu ya zamani na pinki ya muda mrefu. Hiyo ya pinki huja imeshachanganywa nusu kwa nusu, na ratiba yake ni kilomita 160,000 kwa mara ya kwanza kisha kila 80,000. Kwa gari la mtumba usilolijua historia, sahau ratiba hiyo: mwaga zote, anza upya, andika tarehe kwenye kibandiko.

Ukinunua kulanti nzito isiyochanganywa, ichanganye na maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma chupa vizuri. Kwenye rafu hiyohiyo kuna tindikali ya betri, na chupa zinafanana.

Ukishajaza, toa hewa. Egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, weka hita kwenye moto, acha mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, washa, minya minya mpira wa juu na uongeze maji yanavyoshuka. Feni ikishazunguka, zima, acha ipoe, kagua tena kesho yake asubuhi. Sauti ya maji kububujika nyuma ya dashibodi ina maana hewa bado ipo.

Mafuta yakielea ndani ya rejeta, au oili kwenye dipstiki ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe injini tena. Oili iliyochanganyika na maji hailindi beringi, na injini itanoki. Ute mweupe kidogo chini ya mfuniko wa oili peke yake, dipstiki ikiwa safi, ni unyevu wa safari fupi kwenye baridi. Huo hauna neno.

Kulanti ni sumu na ina utamu unaovutia watoto, mbwa na mbuzi. Usiimwage uwanjani wala kuihifadhi kwenye chupa ya soda.

## "Oili inapungua kabla ya sevisi"

Pima vizuri kwanza: mahali tambarare, injini imezimwa dakika tano, futa dipstiki, ingiza, soma. Wengi wanaodai oili inapungua hupima gari likiwa mteremkoni.

Ikipungua kweli, angalia mivujo: gasketi ya kava la juu, sili ya mbele ya krenki, swichi ya presha ya oili, filta isiyokazwa. Pakavu kote? Inaungua. Moshi wa bluu unapowasha asubuhi kisha unapotea ni sili za vali. Moshi unapokanyaga mafuta ni ringi za pistoni. Kabla ya ringi, badilisha vali ya PCV, ile ya kupumulia injini. Ikiziba, inasukuma oili mahali pasipo pake, na bei yake ni ndogo.

Mwenye injini ya 1ZZ-FE, yaani Corolla, Premio, Allion na Wish za cc 1800 za miaka ya mwanzo ya 2000, ajue tatizo hili ni la kuzaliwa, hasa zilizotengenezwa kabla ya 2005. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yanaziba na ringi zinaganda. Vitabu vya Toyota vinakubali hadi lita moja kwa kilomita 1,000, kiwango ambacho kwangu ni kikubwa mno. Injini hii inameza lita 3.7 hivi ikiwa na filta mpya. Ukisubiri kilomita 5,000 bila kufungua boneti unaweza kukuta haina kitu. Pima kila unapojaza tangi.

Kuhamia oili nzito ya 20W-50 ili isipungue ni kununua muda. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kurekebisha ufunguaji wa vali, inatumia oili hiyohiyo kupitia vijinjia vyembamba vyenye chujio dogo, na inataka oili nyepesi. 10W-40 ni mwisho ambao ningeufikia kwa injini iliyochoka. Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa unatembea, simama na uzime injini palepale barabarani, hata kama unapigiwa honi.

## "Gia inachelewa kuingia"

Kwa gia boksi ya otomatiki, haidroliki, yaani mafuta yake, ndiyo kila kitu. Yenye dipstiki, ipime injini ikiwa ya moto na inaunguruma: pitisha leva gia zote polepole, rudisha P, soma alama za HOT. Aina mara nyingi imeandikwa kwenye dipstiki yenyewe, T-IV au WS, na moja haikai badala ya nyingine. CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, ina mafuta yake peke yake. Kuitia haidroliki ya kawaida ni kuiua. Gia boksi isiyo na dipstiki hupimwa kwa kufungua plagi ya chini mafuta yakiwa kwenye joto maalumu, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipimo na lifti.

Nyekundu ni nzima. Kahawia imezeeka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ina maana klachi za ndani zimeliwa. Kama gia bado zinaingia vizuri, mwaga na ujaze, karibu lita tatu, tembea wiki kadhaa, urudie. Kama tayari inateleza, usikubali kusafishwa kwa mashine ya presha. Uchafu uliokuwa umetulia utakwenda kuziba valvu. Peleka kwa fundi wa gia boksi, si wa injini.

Haidroliki ikiwa ya pinki yenye rangi ya maziwa, simama. Haidroliki nyingi hupozwa ndani ya tanki la rejeta. Ukuta kati yake ukitoboka, kulanti inaingia kwenye gia boksi na kuvimbisha klachi. Gari livutwe magurudumu yanayoendeshwa yakiwa juu, lisitembezwe hata mita mia. Hii ni zawadi nyingine ya rejeta iliyoliwa kutu kwa maji ya chumvi.

## "Steringi inalia"

Hii ni kwa steringi yenye oili tu. IST na Vitz nyingi ni za umeme. Mlio ukikata kona asubuhi ni oili iliyopungua. Mapovu kwenye chupa yake ni hewa inayonyonywa kwenye klipu ya mpira wa kurudishia. Kaza, jaza, zungusha steringi pande zote. Ikivuja kwenye raki, sehemu inayogeuza magurudumu, peleka kwa fundi.

## "Pedali ya breki imekuwa laini"

Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani hata ukiwa umeegesha. DOT 3, aina ya kawaida ya mafuta hayo, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Iliyokwisha kuvuta unyevu inaweza kushuka hadi 140. Kwenye mteremko kama wa Kitonga, dereva aliyekalia breki muda wote anaweza kufikisha joto hilo kwenye kalipa. Mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye paipu, na mvuke unabonyea. Pedali inazama.

Ukikuta kopo limepungua, usikimbilie kujaza. Angalia pedi kwanza: pedi zikiisha, mafuta yanashuka kufuata pistoni, na ukijaza sasa yatamwagika siku ya kuweka pedi mpya. Pedi zikiwa nene, kuna mvujo: tazama ndani ya kila gurudumu, kisha nyuma ya masta silinda. Hakuna mvujo na mafuta ni meusi? Yabadilishwe yote, breki zitolewe hewa kuanzia gurudumu la mbali. Kila miaka miwili inatosha. Usiongeze oili ya steringi wala ya injini hata tone. Inavimbisha mipira ya breki, na kila kipande chenye mpira kitabidi kibadilishwe.

Ukishuka mlima, weka gia ndogo, L au 2, au B kama ni CVT yenye hiyo, uachie injini ishike gari. Pedali ikilainika njiani, pampu haraka haraka, shusha gia, vuta breki ya mkono taratibu, toka barabarani. Pumzisha mpaka magurudumu yapoe bila kuyamwagia maji. Hata ikirudi kuwa ngumu, yabadilishwe mafuta kabla ya safari ya kurudi. Ikibaki laini baada ya kupoa, gari hilo lisishushwe mlima na mtu yeyote, lipakiwe.